Safu ya Nyongeza

Nimerudi juzi kutoka Mpitimbi, kwenye mazishi ya Mzee Gerold, na viatu vyangu bado vina udongo mwekundu ambao sijataka kuupangusa. Zainabu ndiye aliyenipigia simu. Tulikuwa hatujaongea muda mrefu, na aliponiita Oti, jina ambalo siku hizi hakuna anayeniita, nikajua kabla hajasema. "Mzee wetu wa vidole ametutoka," alisema. Ya kwetu nyumbani, baba yangu alikuwa nani na tulilima nini, nayaacha, maana hayana tofauti na ya watu wengi wa huku. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, elimu yangu darasa la saba, nikafanya kazi kwenye maabara. Nikisema hivyo watu hunitazama mara mbili, kwa sababu wamezoea kuniona nyuma ya magunia ya maharage sokoni. Lakini ni kweli, na mtu ambaye angeweza kuwathibitishia amezikwa.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na baraza, kwenye barabara ya kwenda Matogoro, katika kituo kidogo kilichokuwa kinachunguza namna ya kuhifadhi nafaka. Chumba cha kwanza kilikuwa na sinki, meza ya mizani na jiko la umeme ambalo Zainabu alilitumia kuchemshia maji ya kuoshea vyombo, na likibaki na moto, mihogo yetu. Chumba cha pili kilikuwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini, kwa sababu zamani kilikuwa stoo ya tumbaku. Jua likipiga bati, harufu ya tumbaku ilitoka kwenye zile mbao kana kwamba majani bado yapo. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo popote, namwona Mzee Gerold ameinama, miwani imemshuka puani, akisoma namba. Alikuwa fundi, si mtaalamu. Alianza kazi kwenye stoo ya magunia, akajifunza mwenyewe mambo ya umeme kwa kufungua redio za watu, mpaka mkuu wa kituo akamhamishia maabara. Zainabu alitoka Namtumbo, mkubwa kwangu kwa miaka kama sita, mwenye mdomo usiopumzika. Tulikuwa watatu tu humo ndani, na mkuu alikuwa na ofisi yake upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Nilianza mwezi wa nane, baridi ya Songea ikiwa bado haijaondoka. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kufagia na kupima uzito wa sampuli. Mzee Gerold alinifundisha kupima kwa siku tatu nzima. Jinsi ya kuweka sahani tupu na kubonyeza sifuri, jinsi ya kusubiri namba itulie, jinsi ya kutopumua juu ya sahani. "Usiiharakishe," alisema. "Inafikiri." Mwezi wa kumi akafunga safari kwenda Dar es Salaam kuchukua vihisi vya uzito alivyokuwa ameviomba kwa mkuu karibu mwaka mzima. Kabla ya kuondoka alitupa maagizo. Kulikuwa na makopo ya chuma kumi na mawili, chini yametobolewa matundu madogo na kuwekewa wavu. Kila kopo lipate mahindi kilo moja kamili. Mengine yachanganywe na majivu, mengine na dawa ya unga, mengine yaachwe hivyo hivyo. Majivu na dawa alikwisha kuvipima mwenyewe, amevifunga kwenye vikaratasi. Zainabu aweke dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, thelathini katika kila kopo, afunge mdomo kwa kitambaa. Dumuzi wakila, unga wao udondoke kupitia matundu, na kopo lipungue uzito siku hadi siku. Hivyo ndivyo tungejua njia ipi inalinda mahindi ya mkulima. "Pima, andika, mimina, funga," alisema, akihesabu kwa vidole vyake. Tukafanya. Nilipima kilo moja, nikaandika kilo moja kwenye daftari, nikamimina. Mara kumi na mbili.

Alirudi baada ya wiki, amekaa kwenye basi na boksi mapajani, hakutaka hata liwekwe chini. Vihisi vilikuwa vipande vya chuma, kila kimoja kama kidole cha mtu mzima, na nyaya nne zinatoka: nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe. Alitueleza mimi na Zainabu kana kwamba na sisi ni wakubwa wa kituo. Ukikitundikia kitu, chuma kinapinda, kidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuona, na umeme unaopita ndani unasema kimepinda kiasi gani. "Kwa hiyo chuma kinasikia," Zainabu alisema. "Kinasikia kuliko wewe," Mzee akamjibu. Yeye aliviita vidole, na sisi tukafuata. Alifunga boriti kwenye miguu minne juu ya ile sakafu ya mbao, akavipanga vidole kumi na viwili, akatundika makopo. Namba zilitokea kwenye kiboksi chenye kioo, nyekundu, na alisoma kila siku saa tatu asubuhi, bati halijapata moto.

Asubuhi ya kwanza ya vidole niliingia nikamkuta anasoma. Nimelelewa kupiga goti ninapomwamkia mtu mzima, na sikujua namna nyingine. Nikapiga goti. "Shikamoo, Baba." Mbao zikalia, boriti ikatikisika, namba zote zikaanza kurukaruka. Mzee alifumba macho. "Marahaba, binti yangu," alisema taratibu. "Sasa tusubiri goti lako litulie." Zainabu alicheka mpaka akatoka nje. Nilidhani ataniambia nisipige goti tena. Hakusema hivyo. Kesho yake, nilipokaribia, nilimkuta amesimama barazani kwenye saruji, anafuta mikono kwa kitambaa, ananisubiri. Nikapiga goti pale, akanipokea salamu, akaniuliza nimeamkaje, ndipo akarudi ndani kwenye namba zake. Alifanya hivyo kila siku ya kazi kwa mwaka ule wote, hata mvua ilipokuwa inanyesha kwa upepo na baraza limelowa. Wakati ule nililiona ni jambo la kawaida. Sasa ninapohesabu watu walionitendea wema, naanzia pale.

Lakini namba hazikuwa sawa, na hilo lilijulikana siku ile ile ya kwanza. Ukitoa uzito wa kopo na wa vilivyochanganywa, mahindi yalitakiwa kuwa kilo moja au pungufu kidogo, maana dumuzi walikuwa wamekwisha kula kwa siku kadhaa. Vidole vilisema kilo moja na gramu arobaini. Kingine thelathini na tatu, kingine karibu hamsini. Kila kopo na lake. Mzee alitundika jiwe la kupimia la kilo moja, kidole kikasema kilo moja, bila kuzidi. Akarudisha kopo, kikazidisha. Jiwe likiwepo vinasema kweli, kopo likiwepo vinasema uongo. Alifungua nyaya akazifunga upya. Aliziba nyufa za dirisha ili upepo usitikise. Alisema labda mahindi yamenyonya unyevu wa mvua, kisha mwenyewe akatikisa kichwa, kwa nini basi hili linyonye kuliko lile? Mizani ya mezani haikuweza kubeba kopo zima la chuma na mahindi yake, na kulifungua kopo kulikuwa na maana ya kuwapoteza dumuzi na kuanza upya. Zainabu yeye alikuwa na jibu lake. "Hawa dumuzi nimewatoa kwa mjomba Namtumbo. Wa kwetu hawana uchoyo, Mzee. Wakila, wanarudisha." Tulicheka, na Mzee naye alicheka, lakini alikuwa amekonda.

Mchana tulikula pamoja chumba cha kwanza, ugali na majani ya maboga, siku nyingine dagaa wa Nyasa. Ulikuwa msimu wa masuku, yale matunda ya porini, na Mzee aliyaleta kwenye leso, akayagawa matatu matatu. Siku moja aliitwa ofisini kabla hajamaliza kula, na kupitia ule ukuta wa mbao tulisikia kila neno. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka. "Gerold, wewe ni fundi wangu, nakuheshimu. Lakini nitawaambia nini watu? Mahindi yana wadudu thelathini na yananenepa?" Mzee akasema, "Naomba wiki tatu, Mkuu." "Wageni wanakuja mwisho wa mwezi. Kama havijakaa sawa, vinatoka. Tunarudi kwenye makopo madogo na mizani ya mezani, na wewe unarudi stoo. Nilikuambia tangu mwanzo." Kisha mkuu akauliza, "Yule binti aliyepima, una uhakika naye?" Mzee alijibu haraka, kana kwamba ameulizwa kama jua limechomoza. "Otilia? Mkono wake naujua. Nimemfundisha mwenyewe. Kosa liko kwenye vyuma vyangu." Aliporudi, suku moja lilikuwa bado mbele yake. Akanisogezea mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni kununua maharage. Mama muuzaji alijaza kopo lake, akalifuta juu kwa kiganja likawa sawasawa, akamimina kwenye kitambaa changu. Halafu mkono wake ukarudi kwenye gunia, ukachota kidogo, ukaongeza juu. Hakuutazama mkono wake hata kidogo, alikuwa anagombana na jirani yake kuhusu kivuli cha mwavuli. Nilisimama pale. Niliyaona makopo yangu kumi na mawili. Kupima, kuandika, kumimina, na kabla ya kufunga, mkono wangu kurudi kwenye gunia. Niliongeza kwenye kila kopo. Sikuwa nimefikiria, kama vile mtu hafikirii anapofanya ishara ya msalaba. Nilikua nikiuza nafaka, na kumpa mtu kipimo kikavu, bila nyongeza, kwetu ni kama kumwambia sitaki urudi. Yule mama aliniuliza, "Dada, haijatosha?" Nikasema imetosha.

Hapa lazima niseme ukweli. Sikwenda kumwambia Jumatatu. Nilinyamaza siku kumi na moja. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, na zaidi ya hapo niliogopa uso wake. Kila asubuhi alitoka barazani, nikapiga goti mbele ya mtu ambaye alikuwa anavifungua vyuma vyake kwa kuamini mkono wangu. Alivishuku vitu alivyovisubiri mwaka mzima, mimi hakunishuku. Siku ya kumi na moja nilimwona ameanza kutafuta boksi la kuvirudishia. Kesho yake nilipiga goti barazani, nikamwamkia, akaitikia, na sikuinuka.

"Inuka, binti. Umeumia?"

"Baba, mahindi niliyazidisha mimi."

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kile kitambaa chake. "Makopo yote?" aliuliza.

"Yote. Hata ya majivu."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu, Baba. Kilo kavu."

"Aibu kwa nani? Kwa dumuzi?"

Aliangalia milima ya Matogoro, ukungu ulikuwa bado haujainuka. "Ulijua lini?" akauliza, na hilo ndilo swali nililoliogopa. Nikamwambia siku kumi na moja. Uso wake haukukunjamana, ila ulikuwa kama mlango unaofungwa taratibu. "Inuka," alisema. "Twende kwa Mkuu. Utasema wewe."

Nilisema mimi. Mkuu alishika kichwa. "Hapa si sokoni!" alifoka, na nikaona kazi imekwisha. Lakini Mzee aliomba jambo moja, tupime nyongeza yangu. Mkuu akaja mwenyewe, akasimama mezani. Niliambiwa nipime kilo, kisha niongeze kama nilivyoongeza siku ile. Mkono wangu, ukijua unatazamwa, ukachota punje kumi tu. Mzee akamgeukia Zainabu. "Mnunulie." Zainabu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alijifunga khanga kiunoni, akaja mezani kwa makeke. "We dada, kilo gani hii kavu kama kisigino? Ongeza bwana, nina watoto saba na mume mlafi!" Nilicheka nikiwa na machozi, na mkono ukaenda wenyewe. Gramu arobaini na moja. "Ongeza na hapa!" Thelathini na tano. "Na hapa, jamani, tunajuana!" Arobaini na nane. Tulifanya hivyo mara kumi na mbili. Mzee aliandika namba kwenye karatasi, akaiweka pembeni ya daftari la vidole. Hazikufuatana kopo kwa kopo, lakini zilikuwa za familia moja, kama mtoto na mama yake, na mtu yeyote angeona. Mkuu alizipitia moja moja.

"Kumbe vilikuwa vinasema kweli," alisema.

"Tangu siku ya kwanza," Mzee alijibu.

Vihisi vilibaki, na Mzee akabaki navyo. Mimi, Mkuu alisema nimalizie mwaka wangu, lakini mkataba mwingine nisiutegemee. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Mzee Gerold hakuniambia neno baya, ila siku tatu alikula peke yake chumba cha pili, mlango umerudishwa. Zainabu aliacha hata utani. Siku ya nne alitokeza kichwa. "Leo mmepika nini?" Tulikuwa tumepika majani ya maboga kama kawaida, lakini Zainabu alimjibu kwa heshima kubwa kana kwamba ni pilau.

Tulimwaga mahindi yote kwenye maji ya moto, tukaosha makopo, tukaanza upya. Safari hii Mzee alisimama pembeni yangu. Nilipima kilo, nikaandika, nikamimina, na mkono wangu ukabaki hewani juu ya gunia. "Unataka?" aliuliza, akiutazama mkono wangu. "Unataka, Baba." "Uache utake." Tulipomaliza alichukua rula, akachora safu mpya kwenye daftari, pembeni kabisa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: NYONGEZA. "Mimi sikukatazi kuongeza," alisema. "Ila ukiongeza, andika." Kuanzia hapo kila asubuhi, baada ya yeye kusoma vidole, mimi niliandika sifuri kumi na mbili kwenye safu ile. Wageni walipokuja, mmoja alimuuliza safu hiyo ni ya nini, Mzee akamjibu ni utaratibu wa Songea. Namba zilishuka siku hadi siku kama zilivyotakiwa, makopo yasiyo na kitu yakishuka upesi kuliko mengine. Mwezi wa nne, ndani ya kopo lolote lisilo na majivu wala dawa, ukitega sikio ulisikia dumuzi wanatafuna.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, baridi tena. Zainabu alinipa kitenge, akaniambia nisikivae kwa watu wasio na maana. Mzee aliniita mezani. Kulikuwa na mahindi safi yaliyobaki kwenye gunia. Aliweka sahani, akabonyeza sifuri, akapima kilo moja, akasubiri namba itulie. Kisha akanitazama juu ya miwani, akatia mkono wake mkubwa kwenye gunia, akachota, akaongeza. Namba ilikimbia mpaka kilo moja na gramu sitini na mbili. Alifungua daftari kwenye ile safu yenye sifuri za miezi tisa, akaandika chini yake: sitini na mbili. Akatia sahihi. "Nenda salama, binti yangu," alisema, na alinisindikiza mpaka barazani, pale pale kwenye saruji.

Sikufanya kazi ya maabara tena. Nilirudi sokoni, nikaolewa, nikazeeka huko. Nilionana naye mara chache, kwenye misa au njiani, na kila mara nilipokunja goti langu lililoanza kuuma alisema, "Hapa hakuna mbao, piga tu." Siku hizi mizani yangu ni ya umeme, kama ya kila mtu. Najua ndani yake kuna kidole cha chuma. Nikimpimia mteja, nasubiri namba itulie, halafu naongeza, na namba inakimbia mbele ya macho yetu sote wawili.

Huko Mpitimbi, kaburi lilichimbwa karibu na shamba lake, na katekista aliposoma sala tulipanga mstari. Kila mtu alichukua kiganja cha udongo. Zamu yangu ilipofika nilipiga goti, nikachota, nikatupia, nikasikia unavyogonga mbao. Watu nyuma yangu walikuwa wanasubiri. Nilitakiwa kuinuka, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kurudi kwenye udongo, ukachota kidogo, ukaongeza.

Zainabu alikuwa nyuma yangu. Aliona. Aliinama akanishika kwapani kunisaidia kusimama, na kwa sauti ya chini akaniuliza, "Oti, utaandika?"

Nikamwambia nitaandika.

Kiganja kimoja, na nyongeza.